Mzigo wa Wazazi wenye Mtoto Mgumu

Mama mmoja anatujia nyuma ya Misa: «Padri, mtoto huyu amenishinda. Hatulii, anapiga wenzake, shule imemfukuza. Baba yake anasema ni mimi niliyemharibu.» Mara nyingi tunamjibu upesi: «Umtie adabu.» Jibu hilo linamwongezea mzigo.

Tujue kwanza ya kuwa si kila mtoto asiyetii amekosa malezi. Mwaka 1902 mganga George Still aliwaeleza waganga wenzake huko London habari za watoto wenye akili nzuri, lakini wasioweza kujitawala. Pengine ugumu unafuata malaria iliyopanda kichwani, ama kifafa, ama hofu ya vita.

Pili, tufahamu taabu ya wazazi. Hawalali vema. Majirani wananung’unika. Bwana na bibi wanashindana nani mwenye kosa, na watoto wengine wanajiona wamesahauliwa. Uchovu unaleta hasira, hasira inaleta fimbo, fimbo inamzidishia mtoto ukali. Na jioni mama analia kwa haya.

Tatu, kwetu Kongo kuna hatari kubwa zaidi: mtoto kuitwa mlozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inamwadhibu anayemshitaki mtoto ulozi: kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Basi tusikubali hata kidogo maombi ya kumpiga mtoto ama kumnyima chakula.

Tufanye nini?

1. Tuwasikilize baba na mama pamoja, pasipo kuwahukumu.

2. Tuwashauri: amri moja kwa mara moja, kwa maneno machache, kusifu mara mtoto anapotenda vema, adhabu ndogo, isiyobadilika, pasipo hasira, saa za kula na za kulala zisigeuke.

3. Tuwatume kwa waganga. Mjini Bukavu, kwa mfano, Mabruda wa Upendo wana hospitali ya magonjwa ya akili, SOSAME.

4. Tuombe shirika la Wakristo wa karibu limpokee mtoto saa chache kila juma, ili mama apumzike.

Mzazi aliyechoka si mzazi mbaya. Mtakatifu Paulo anatuagiza tusaidiane mizigo. Na mzigo huu, tusipoushika upande mmoja, utawaangusha wote wa nyumba ile, na mtoto wa kwanza.