Muhogo Unaostahimili Maradhi

Katika kijiji cha Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, ardhi ni ya mawe na udongo ni haba. Muhogo hupandwa katika vishimo vya udongo vilivyo baina ya mawe. Muhogo ukiharibika, chakula cha nyumbani hupungua.

Adui mmoja mkubwa wa muhogo ni maradhi ya michirizi ya kahawia. Maradhi haya husababishwa na virusi, ambavyo huchukuliwa na inzi weupe kutoka mmea hadi mmea. Mara nyingine majani huonekana mazima, lakini mkulima anapochimba hukuta mizizi imeoza kwa ndani, haifai kuliwa.

Sisi hupanda muhogo kwa vipande vya shina. Kila kipande huota mmea wa aina ile ile ya mama yake. Mama akiwa mgonjwa, mtoto naye huwa mgonjwa. Kwa hiyo mtaalamu anayetafuta aina mpya hana budi kuanza na maua.

Kwanza huchagua mimea miwili: mmoja wenye mizizi mingi na mitamu, wa pili wenye kustahimili maradhi. Hulifunika ua la kike la mmea wa kwanza kwa mfuko wa kitambaa kabla halijachanua, ili wadudu wasilifikie. Likichanua, hulipaka unga wa ua la kiume la mmea wa pili, yaani chavua. Tunda linalotokea huwa na mbegu zisizozidi tatu. Kila mbegu huota mmea ulio tofauti na wenziwe, kama vile ndugu wa tumbo moja wasivyofanana.

Miche hiyo hupandwa mahali penye maradhi mengi. Ile ambayo mizizi yake huoza hutupwa. Inayobaki hupimwa mavuno na ladha, kisha hukatwa vipande na kupandwa tena. Kazi hii huchukua miaka mingi.

Kazi ya namna hii ilifanywa Amani, katika milima ya Usambara, tangu miaka ya 1930. Wataalamu waliuchanganya muhogo na mti wa mpira ulio jamaa yake. Huko Zanzibar, mwaka 2007, wakulima walipatiwa aina nne zinazostahimili: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui.

Kumbuka: kustahimili si kutougua kabisa. Mkulima bado yampasa kuchagua mashina mazima ya kupanda.

Maswali
1. Kwa nini mkulima hawezi kuyatambua maradhi haya kwa kutazama majani tu?
2. Kwa nini ua la kike hufunikwa?
3. Kwa nini miche hupandwa mahali penye maradhi?