Picha za jamaa zivishe pindo la leso

Jamaa nyingi za Buruburu, Umoja, Jericho na Kayole zina hazina mbili za picha. Ya kwanza ni albamu nzito iliyowekwa chini ya meza ya sebuleni, ambayo mgeni hupewa aifunue huku chai ikichemka. Ya pili imo ndani ya simu. Humo mna mamia ya picha za harusi, mahafali, ubatizo na matanga, zote zimechanganyika bila majina. Je, msomaji, zako ziko wapi?

Ukweli ni kwamba hazina zote mbili zimo hatarini. Zile albamu za kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki, zilizopendwa sana katika miaka ya 1970 na 1980, huziharibu picha polepole, kwani gundi yake huzigeuza manjano na kuzing'ang'ania zisibanduke. Nayo simu ikinyakuliwa kwenye dirisha la matatu, picha za miaka mitano huenda nayo.

Njia moja nzuri ya kuziokoa ni kuzitengenezea kurasa za albamu kwa kompyuta, kila picha ikiwa na pambizo lake la urembo, kisha kuzichapisha. Kazi hii haihitaji fundi. Mwanafunzi wa sekondari aliye likizoni anaweza kuifanya nyumbani au katika saiba ya mtaani.

Pambizo lina kazi gani?

Mtazame fundi wa fremu akifanya kazi yake. Kati ya picha na kioo huweka kadi nene iliyokatwa dirisha. Kadi hiyo hupendeza macho, lakini pia huizuia picha isigusane na kioo na kunata wakati wa unyevu. Kwenye kompyuta hamna kioo. Hata hivyo, pambizo lina kazi mbili bado: kulipa jicho mahali pa kupumzikia, na kuweka nafasi ya kuandika ni nani, wapi na lini.

Ufundi wa kuizungushia picha mapambo si mgeni kwetu. Kule Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alisifika kwa kukata picha za wateja wake na kuzipachika ndani ya mapambo mengine, kisha kuzipiga picha upya. Alitumia mkasi na gundi kwa kazi ambayo leo twaifanya kwa kidole.

Mfano bora zaidi umo kabatini mwa mama. Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyo upande wa chini wa mji. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, leso za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Upange ukurasa wako vivyo hivyo: picha iwe mji, pambizo liwe pindo, na maelezo yawe jina.

Namna ya kufanya

Kwanza, tandaza leso karibu na dirisha, mahali penye mwanga usio wa jua kali. Ipige pasi ili mikunjo isionekane. Simama juu yake, simu ikiwa sambamba na kitambaa, upige picha ya pindo pamoja na pembe moja.

Pili, fungua ukurasa wa kompyuta wenye kipimo cha A4. Ukiwa na programu ya kuhariri picha kama GIMP, ambayo hutolewa bure, weka pikseli 2480 kwa 3508. Hiyo ni sawa na pikseli 300 kwa kila inchi, kiasi kinachotosha kuchapisha bila ukungu. Ukikosa programu hiyo, ile ya kutengenezea slaidi yatosha.

Tatu, weka picha yako. Tuseme ni ya inchi 5 kwa 7, yaani milimita 127 kwa 178. Nyuma yake weka mstatili wa rangi moja unaozidi picha kwa milimita 3 kila upande. Nyuma ya huo weka pindo la leso, lizidi kwa milimita 15 zaidi. Sasa una umbo la milimita 163 kwa 214. Liweke katikati ya ukurasa kwa upana, ukiacha milimita 25 juu. Chini zitabaki milimita 58, na hapo ndipo mahali pa jina. Mafundi wa fremu pia hupenda upande wa chini uwe mpana zaidi, kwani pande zikilingana kabisa, picha huonekana kana kwamba inateleza.

Nne, chagua rangi ya ule mstatili mwembamba kutoka ndani ya picha yenyewe, kwa mfano kola ya shati au ua la bustani. Picha ya rangi nyeusi na nyeupe huridhika na rangi ya maziwa au kijivu. Ukipenda kutia kivuli ili kadi ionekane nene, hakikisha vivuli vyote vimeelekea upande mmoja.

Usiufiche mtaa

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakishapata pindo zuri hulinenepesha mpaka likala nusu ya picha, wakabakisha nyuso tu. Zamani ilikuwa hivyo hivyo kwa mkasi. Watu walikatwa wakabandikwa, na kilichokuwa nyuma yao kikatupwa.

Lakini kilicho nyuma ndicho kinachopotea Eastlands. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na Buruburu ikafuata katika miaka ya 1970. Leo nyumba nyingi za Buruburu zimeongezewa vyumba na maduka mbele hata sura ya zamani haionekani, na nyumba za zamani za Pangani zilishapisha maghorofa. Ua wa michongoma, mlango wa bluu, au ukuta wa jamii ya jirani ulio nyuma ya nyanya yako huenda ukawa ndio ushahidi pekee uliosalia wa mahali mlipoishi. Pindo na lizunguke, lisimeze.

Majina kabla hayajapotea

Sehemu ya jina haiwezi kujazwa na kompyuta. Keti na nyanya au babu, mfungulie picha moja moja, uulize: huyu ni nani? Nyumba hii ilikuwa namba gani? Nani alikuwa ameshika kamera? Andika majina yote matatu ya mtu, mtaa na mwaka. Kama mwaka haukumbukwi, andika hivyo: "kabla ya shangazi kuolewa".

Picha halisi usiiguse, fanyia kazi nakala. Jamaa wa mashambani akikutumia picha kwa WhatsApp, mwombe aitume kama faili, kwani picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Picha ya karatasi iliyonata kwenye gundi usiivute kwa nguvu. Ipige picha ikiwa pale pale.

Kisha chapisha kurasa zako, uweke nakala ya faili kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Anza na picha moja Jumapili hii, na uanze na ile ambayo aliyebaki kuwafahamu waliomo ni mtu mmoja tu.