Sura ya Saba: Njia Ziandikwazo kwa Mkono

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Geita ana njia mbili mashuhuri: ya Kahama, ipitayo Kakola penye mgodi wa Bulyanhulu, na ya Mwanza, ivukayo ziwa kwa Daraja la J. P. Magufuli lililofunguliwa mwaka 2025. Ruta, chombo kipokeacho pakiti za data na kuamua zielekee wapi, haina wa kumuuliza njiani. Ilimu yake yote imo katika jedwali la njia. Jedwali hilo hujazwa ama na ruta zenyewe zikipashana habari kwa itifaki kama OSPF, ama na fundi aandikaye kila njia kwa mkono, na hii ya pili ndiyo njia tuli.

Natuchukulie duka la vipuri vya migodini lenye makao Shinyanga, mtandao 192.168.10.0, na tawi Geita, mtandao 192.168.30.0. Fundi wa Shinyanga, akitumia ruta ya Cisco, ataandika:

ip route 192.168.30.0 255.255.255.0 10.0.0.2

Nambari ya kwanza ni mtandao unaokusudiwa. Ya pili hudhihirisha upana wake, yaani anwani 256. Ya tatu ni ruta jirani itakayokabidhiwa pakiti. Aghalabu mwanafunzi hudhani kazi imekwisha, ilhali amefanya nusu tu: pakiti itafika Geita salama, lakini jawabu lake halitarudi maadamu ruta ya Geita haijaelezwa iliko 192.168.10.0.

Lau kuna kiungo cha akiba kupitia Mwanza, huandikwa njia ya pili ikiishia na nambari kubwa, mathalani 200. Kwa kuwa njia tuli ya kawaida huhesabiwa 1, na iliyo ndogo hutangulizwa, hiyo ya akiba hungoja hadi ya kwanza iondoke jedwalini. Lakini ya kwanza haiondoki ila ruta ione kiungo chake yenyewe kimekufa. Ikiwa waya umekatika mbele zaidi, itaendelea kutupa pakiti shimoni kwa imani kamili, isipokuwa imeamriwa kumpima jirani kila mara.

Fauka ya hayo, matawi 3 yajuane yote huhitaji mistari 6, na matawi 10 huhitaji 90. Kwa hiyo njia tuli zafaa palipo na matawi machache, na hasa tawi lenye mlango mmoja wa kutokea, ambalo latoshelezwa na mstari mmoja wa 0.0.0.0, uamuruo kwamba kila kisichojulikana kipelekwe makao makuu.