Rangi Inayotoa Siri ya Mgonjwa

Mwanamke mwenye wasiwasi kuhusu ugumba mara nyingi huanza kuuliza kwenye simu kabla ya kufika kliniki. Huuliza usiku, tena maswali ambayo hajamgusia hata mumewe. Daktari atakayemwona baadaye amefungwa na kiapo cha kutunza siri. Kivinjari cha intaneti hakikula kiapo chochote.

Tatizo lilianzia kwenye jambo dogo lenye manufaa. Kiungo ambacho hakijafunguliwa huonekana kwa rangi ya bluu. Kilichokwisha kufunguliwa hugeuka zambarau, ili msomaji ajue alikopita. Kwa miaka mingi ukurasa wowote uliweza kukiuliza kivinjari rangi hiyo. Mwenye tovuti alificha ndani ya ukurasa wake viungo vingi visivyoonekana kwa macho, kisha programu ndogo ikasoma rangi ya kila kimoja. Penye zambarau, ndipo mgeni alipokuwa amepita. Hakuna nenosiri lililoibwa, wala kirusi kilichopandikizwa.

Desemba 2012, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza shauri dhidi ya Epic Marketplace, kampuni ya matangazo ya mtandaoni. Kwa mujibu wa Tume, kampuni hiyo ilitumia mbinu hii kuanzia Machi 2010 hadi Agosti 2011, ikichungulia iwapo watu walifungua kurasa za tovuti zaidi ya 54,000. Miongoni mwa mambo yaliyofuatiliwa ni ugumba, upungufu wa nguvu za kiume, kukoma hedhi na kushindwa kuzuia mkojo. Kwa daktari orodha hiyo haishangazi: ni maradhi yale yale ambayo mgonjwa huyataja mwishoni kabisa, akiwa amekwisha kushika kitasa cha mlango. Kampuni iliamriwa kufuta taarifa hizo na kuacha mchezo huo.

Watengenezaji wa vivinjari nao waliziba tundu hilo, ingawa si kwa mara moja. Kuanzia mwaka 2010 walikifanya kivinjari kijibu kila mara kwamba kiungo hakijafunguliwa, hata kama machoni pa msomaji ni zambarau. Watafiti wakagundua njia nyingine za mzunguko. Ni mwaka 2025 tu ambapo Chrome, katika toleo la 136, ilianza kutenganisha kumbukumbu hiyo, hata kiungo kilichobonyezwa katika tovuti moja kisijulikane katika nyingine. Asiyesasisha kivinjari chake hapati kinga hiyo.

Hata hivyo, mchunguzi wa karibu zaidi huenda yumo nyumbani. Katika simu inayotumiwa na mume, mke na watoto, herufi mbili tu zikiandikwa, kivinjari hukamilisha swali la jana. Dirisha la faragha husaidia hapa, kwa kuwa halihifadhi kurasa zilizotembelewa baada ya kufungwa. Haliufichi mtandao wa kazini wala kampuni ya simu jina la tovuti iliyofunguliwa.