Boga Lina Mama na Baba

Mkulima wa Kipini akikutunukia mbegu za boga tamu alilovuna kandokando ya Mto Tana, hukupa kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo, hawezi kuapa kwamba zitazaa boga kama lile. Mama wa mbegu hizo anajulikana, baba hajulikani. Nyuki hajui mpaka wa shamba, na chavua aliyoileta yamkini ameitoa kwa jirani.

Suala hili si dogo. Mafuriko ya Tana, yakiwamo yale ya 1997 na 2023, yalizamisha mashamba, na aghalabu shamba likizama, akiba ya mbegu huzama nalo. Ni heri basi kwamba mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyotishia kuwaadhibu wakulima kwa kubadilishana mbegu zao. Lakini haki ya mbegu bila ujuzi wa mbegu ni jembe lisilo na mpini.

Ujuzi wenyewe hauhitaji maabara. Mboga mmoja huzaa maua dume na maua jike. Ua jike hutambulikana kwa kiboga kichanga kilicho chini yake. Jioni, teua maua yaliyoanza kugeuka manjano, ambayo yatachanua kesho yake, uyafunge kwa uzi ili nyuki asiingie. Alfajiri, chuma ua dume la mmea uliouchagua kuwa baba, uzitoe petali zake, kisha uipake chavua juu ya kichwa kinatacho kilichomo ndani ya ua jike. Lifunge tena ua hilo, na kikonyo chake ukitie utepe uwe alama. Ukitaka kuhifadhi aina, wazazi wawe wa aina moja. Ukitaka mseto, wawe wa aina mbili.

Boga litakapokomaa likiwa na sura ile ile ya mama, usife moyo. Mseto umo ndani ya mbegu, nao utadhihirika msimu ujao. Mendel, aliyechapisha mwaka 1866 matokeo ya kuchavusha njegere kwa mkono, alionyesha kuwa sifa iliyojificha katika kizazi cha kwanza huweza kurejea katika cha pili. Kwa hiyo, mteuzi awe na subira ya misimu kadhaa.

Kwa nini basi maarifa haya hayajaenea? Nikiwa mwanaisimu, naona kikwazo kimoja ni lugha. Katika shule zetu sayansi husomeshwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huchora sehemu za ua, akapasi mtihani, kisha akarudi nyumbani asiweze kumweleza bibi yake alilojifunza. Ilhali bibi huyo anajua vyema tofauti ya mpapai dume na mpapai jike! Msingi anao, kilichobaki ni kumwongezea neno “kuchavusha” na uzi mmoja.

Walimu wenzangu, tuanzie hapo. Tuwapeleke wanafunzi shambani kabla jua halijapanda, nao wayapeleke maarifa nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Wahenga hawakukosea: mpanda ovyo hula ovyo.