Lengo, Ahadi na Jaribio: Lugha ya Malengo katika Kukuza Timu za Biashara Changa Wilayani Rusizi, Rwanda

Utangulizi

Cyangugu na Kamembe, miji pacha ya Wilaya ya Rusizi, inatazamana na Bukavu mahali ambapo Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu na kuanza safari yake ya kwenda Tanganyika. Biashara inayoanzishwa hapa hujikuta tangu siku ya kwanza ikiwa na masoko mawili, sarafu tatu (faranga ya Rwanda, faranga ya Kongo na dola ya Marekani) na lugha zisizopungua tatu. Mwanzilishi huandika mpango wake kwa Kinyarwanda au Kiingereza ili usomeke benki na wilayani. Huuza kwa Kiswahili. Na akivuka daraja husikia tarakimu za Kifaransa zikitajwa ndani ya sentensi ya Kiswahili cha Bukavu. Makala haya yanaeleza namna timu ndogo inavyoweza kuweka malengo na kukua katika mazingira hayo. Yanashikilia kwamba uchaguzi wa lugha ya malengo ni sehemu ya usimamizi wenyewe, wala si pambo lake.

Neno na mwenye kulisikia

Nomino lengo imetokana na kitenzi kulenga, na jirani yake shabaha, yenye asili ya Kiarabu, nayo hutumika kwa mtu anayepiga mshale au risasi. Maneno yote mawili yanamwonyesha mpigaji na kitu kilicho mbele yake. Hayaonyeshi shahidi. Kinyarwanda kina neno linalofanya hivyo: umuhigo, kwa wingi imihigo, kutoka kitenzi guhiga, kinachobeba maana ya kutamka hadharani jambo ambalo mtu atalitimiza, tena kwa kushindana na wenzake. Mwaka 2006 serikali ya Rwanda iliifanya desturi hiyo kuwa chombo cha utawala: mameya wa wilaya walianza kutia saini imihigo yao na Rais wa Jamhuri, na baadaye utaratibu ukashuka hadi ngazi ya kaya. Kwa hiyo mjasiriamali wa Rusizi haanzi bila ujuzi anapoambiwa aweke malengo yanayopimika. Washauri wanaomfundisha jambo hilo kana kwamba ni geni hupoteza nusu ya somo.

Nje ya kanda, historia ya wazo hili inajulikana. Peter Drucker alilieleza katika kitabu chake cha usimamizi cha mwaka 1954. Andy Grove alilikuza katika kampuni ya Intel. Na mwaka 1999 John Doerr akalipeleka Google, wakati huo ikiwa bado kampuni changa. Muundo wake ni mwepesi: dhamira moja, kisha matokeo machache yenye tarakimu yanayothibitisha kwamba dhamira imefikiwa. Utafiti wa mwanasaikolojia Edwin Locke, ulioanza miaka ya 1960, ulionyesha kwamba lengo mahususi na gumu huzaa kazi bora kuliko agizo la "jitahidi uwezavyo". Hadi hapo umuhigo na mbinu za California vinakubaliana.

Vinapoachana ni kwenye suala la kushindwa. Umuhigo ni ahadi, na ahadi inafungamana na heshima ya aliyeitoa. Mtu mwenye busara huahidi anachojua kuwa atakiweza. Biashara changa, kinyume chake, haijui bado nani atanunua, kwa bei gani, wala mara ngapi. Eric Ries, katika kitabu chake cha mwaka 2011, aliifafanua kuwa ni taasisi inayofanya kazi katika mashaka makubwa, ambayo kazi yake ya kwanza ni kujifunza kwa gharama ndogo. Lengo lake la mauzo ni makisio. Makisio yakivikwa vazi la ahadi, anayekosea hukosea mbele za watu, na mara nyingi atachagua kuficha tarakimu kuliko kuaibika. Timu ya watu watatu ikishafichana tarakimu haina cha kujifunza.

Kiswahili kinaweza kusaidia hapa kwa sababu kina maneno ya kutenganisha mambo hayo. Tuchukue mfano wa kubuni: watu watatu wa Kamembe wanakausha na kufungasha sambaza za Ziwa Kivu ili waziuze Bukavu. Kusafisha vyombo kila jioni, kufunga hesabu kila Jumamosi na kumlipa mvuvi kwa wakati ni mambo yaliyo mikononi mwao. Hizo ni ahadi, na yanastahili ukali wa umuhigo. Kupata maduka 20 yanayorudi kununua kila wiki ndani ya miezi mitatu ni jaribio, likiishia maduka 7, swali halali si "nani mzembe?" bali "hayo 7 yana nini ambacho 13 hayana?" Kuyaandika yote chini ya kichwa kimoja cha malengo ni kuikaribisha aibu mahali panapohitaji udadisi.

Mtu wa nne

Watu watatu wana njia tatu za mawasiliano baina yao. Wakiwa wanne njia huwa 6, wakiwa sita huwa 15, na wakifika kumi huwa 45. Fred Brooks, aliyesimamia uundaji wa programu katika IBM, alionya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Kwa hiyo kuajiri hakupaswi kuwa alama ya ustawi. Mtu wa nne anahitajika pale kazi ile ile inapokwama kila wiki kwa mtu yule yule, tena baada ya timu kujaribu kuacha baadhi ya kazi.

Rusizi inaongeza sharti lake. Mtu huyo mara nyingi atatoka ng'ambo, kwa kuwa wateja wako huko, na Kinyarwanda au Kiingereza cha mpango wa awali huenda kisimfikie. Malengo asiyoweza kuyasoma hatayabishia. Atayatii au atayapuuza. Timu itakayotafsiri ukurasa wake mmoja wa malengo kwa Kiswahili kabla ya kumwajiri itagundua pia, kwa kawaida, kwamba sentensi kadhaa hazikuwa na maana hata katika lugha ya kwanza.

Wajibu wa sera

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mjadala wa utekelezaji umeelekea zaidi shuleni na ofisini. Meza ya biashara ndogo ya mpakani imesahauliwa, ingawa ndiko lugha hiyo inakofanya kazi bila kusubiri sera. Fomu za mpango wa biashara, mafunzo ya vyama vya ushirika na mikataba ya mikopo midogo vingepaswa kupatikana kwa Kiswahili sanifu, pamoja na faharasa fupi inayozingatia matumizi ya Bukavu.

Mpango wenyewe usiige kalenda ya serikali, inayoanza Julai na kuisha Juni. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa watu huku malori ya mizigo yakiruhusiwa. Februari 2025 kundi la M23 liliingia Bukavu na benki za mji huo zikafunga milango. Lengo la miezi 12 lililoandikwa kabla ya matukio hayo liligeuka karatasi tupu kwa siku moja. Kipindi cha wiki sita hadi miezi mitatu kinaendana zaidi na hali ya mpakani. Na katika fomu hizo, baada ya safu ya lengo, ya mwenye kulisimamia na ya siku ya kulipima, iongezwe safu ya nne inayouliza timu itafanya nini daraja likifungwa kesho.