Mapatano ya Versailles na Amani Isiyodumu

Vita vinapokwisha, mizinga hunyamaza kwa siku moja, lakini kazi ya kufanya amani huchukua miezi mingi, na matunda yake huonekana baada ya miaka. Aghalabu watu hukumbuka majina ya majemadari na mahali walipopigana, wasizikumbuke karatasi zilizotiwa sahihi baadaye. Na kumbe ni karatasi hizo zilizoamua kama watoto wa askari wale wangelima mashamba yao kwa utulivu au wangeshika bunduki kama baba zao. Mfano ulio wazi kupita yote ni mapatano ya Versailles ya mwaka wa 1919.

Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa tarehe 11 Novemba 1918. Wajumbe wa nchi zilizoshinda walikutana Paris mwezi wa Januari 1919, na wenye sauti kubwa walikuwa watatu: Georges Clemenceau wa Ufaransa, David Lloyd George wa Uingereza, na Rais Woodrow Wilson wa Marekani. Wajerumani hawakualikwa katika mashauri. Waliitwa mwezi wa Mei ili waonyeshwe maneno yaliyokwisha kuandikwa, wakaruhusiwa kujibu kwa maandishi tu, na mabadiliko waliyoyapata yalikuwa machache. Tarehe 28 Juni wakatia sahihi katika Ukumbi wa Vioo wa jumba la Versailles.

Ukumbi huo haukuchaguliwa bure. Humo ndimo Wajerumani walimotangaza dola yao mwezi wa Januari 1871, walipokuwa wakiwashinda Wafaransa. Kisha wakawatoza fidia ya faranga bilioni 5, wakatwaa jimbo la Alsace na sehemu ya Lorraine. Clemenceau alikuwa kijana wakati huo, naye alikuwa mmoja wa wabunge waliokataa kuikubali amani ile. Miaka 48 baadaye, akiwa mzee, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mwenyekiti.

Masharti yalikuwa mazito. Ujerumani ilinyang'anywa sehemu ya nchi yake na makoloni yake yote. Jeshi lake lisizidi watu 100,000, wala isiwe na ndege za vita wala nyambizi. Kifungu cha 231 kiliitaka ikubali kwamba yeye na wenziwe ndio wenye dhima ya hasara zote za vita, na neno hilo liliwachoma Wajerumani kuliko upotevu wa ardhi. Fidia yenyewe haikutajwa hesabu yake hata mwaka wa 1921, ilipowekwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Sehemu kubwa ya hesabu hiyo iliandikwa ili kuwaridhisha raia wa nchi zilizoshinda. Wataalamu wa fedha walijua kwamba haitalipwa.

Afrika ya Mashariki nayo iliguswa na kalamu hiyo. Nchi iliyokuwa chini ya Wadachi, kama walivyoitwa na wazee wa huku, iligawanywa: Tanganyika ikawekwa mikononi mwa Uingereza kwa amana ya Chama cha Mataifa, Ruanda na Urundi zikapewa Ubelgiji, na pembe ndogo ya Kionga, kusini ya mto Ruvuma, ikapewa Wareno. Jimbo la Gisaka lilikatwa kutoka Ruanda na kupewa Waingereza, kisha likarudishwa baada ya Mfalme Musinga kulalamika. Wenyeji wengine hawakuulizwa neno. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikuwa wamekufa katika kuwachukulia Waingereza mizigo ya vita hivyo, wengi wao kwa maradhi. Majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi yametokana na kikosi chao. Hakuna mjumbe aliyesema kwa ajili yao huko Paris.

Januari 1923, Ujerumani ilipochelewa kutoa magogo na makaa ya mawe yaliyokuwa sehemu ya fidia, majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr, penye viwanda na migodi. Serikali ya Ujerumani ikawaambia wafanyakazi wa huko waache kazi, nayo ikachapa noti ili kuwalipa. Noti zikazidi, thamani ikaanguka. Kufika Novemba mwaka huo dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki bilioni 4,200. Mtu aliyeweka akiba maisha yake yote aliikuta haitoshi kununua mkate.

Hata hivyo si haki kuyatupia mapatano hayo lawama yote. Toka 1924 malipo yalipunguzwa, mikopo ya Marekani ikaingia, na mwaka wa 1926 Ujerumani ikapokewa katika Chama cha Mataifa. Hali ilikuwa ikitengenea. Ni anguko la biashara ya dunia lililoanza 1929 lililorudisha njaa, hata mapema mwaka wa 1932 wasio na kazi wakafikia milioni 6. Na mwezi wa Januari 1933 Hitler, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwahubiria watu aibu ya Versailles, akapewa madaraka. Kosa kubwa zaidi la mapatano lilikuwa hili: yalikuwa makali ya kutosha kumwudhi aliyeshindwa, lakini hayakuwa na mlinzi. Baraza la Seneti la Marekani lilikataa kuyathibitisha. Machi 1936 Hitler alipopeleka askari katika jimbo la Rhine, kinyume cha mapatano, Ufaransa na Uingereza hazikupeleka majeshi kumzuia.

Wazee wa Ulaya walikuwa wamewahi kufanya vingine. Baada ya Napoleon kushindwa, Ufaransa iliketi pamoja na washindi katika mkutano wa Vienna wa 1814 na 1815. Alipotoroka na kupigana tena, Ufaransa ilitozwa faranga milioni 700, nchi ikakaliwa na majeshi ya kigeni. Lakini fidia ikalipwa, majeshi yakaondoka mwaka wa 1818, na Ufaransa ikapokewa tena miongoni mwa madola makubwa. Vita vilikuwapo baadaye, ila havikulihusisha bara zima mpaka 1914.

Mwaka wa 1945 washindi walishika njia mbili pamoja. Ujerumani ilikaliwa yote na kugawanywa, na mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa makwao upande wa mashariki, jambo lililoleta mateso makubwa. Lakini Ujerumani ya Magharibi iliingizwa katika msaada wa Marshall, uliofikia dola bilioni 13 hivi kwa Ulaya nzima ya Magharibi, na mwaka wa 1951 ikatia sahihi pamoja na Ufaransa mkataba wa kuyaweka makaa ya mawe na chuma chao chini ya halmashauri moja. Mwaka wa 1953, huko London, karibu nusu ya madeni yake yalifutwa. Sehemu ya riba ya mikopo iliyochukuliwa kwa kulipia fidia ya Versailles iliahirishwa mpaka Ujerumani itakapoungana tena. Muungano ulikuja 1990, malipo yakaanza upya, na fungu la mwisho likatolewa tarehe 3 Oktoba 2010.